Kofia ya Trafiki na Kofia ya Lami

Simama asubuhi yoyote pale Nanenane, jijini Mbeya, wakati wapiga debe wanaita abiria wa Tukuyu na Kyela, uwatazame madereva bodaboda wanaotoka upande wa Uyole. Kofia ngumu wanazo. Moja imetundikwa kwenye kioo cha pembeni, nyingine imepachikwa kiwikoni kama kikapu cha sokoni, nyingine imelala juu ya tenki la mafuta. Mara anatokea dereva wa upande wa pili, anawasha taa na kuzima, anawasha na kuzima, yaani trafiki wapo mbele. Mikono inapanda vichwani. Wakishapita, kofia zinarudi viwikoni.

Ile mimi naiita kofia ya trafiki. Kazi yake ni kumkinga mtu na faini, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Nimeishi nayo miaka mingi bila kuisemea neno, maana na mimi ni abiria kama wengine, na mara ngapi nimepanda nikiambiwa "shika tu, mama, ni hapo hapo" nikaishika mkononi mpaka nyumbani. Kilichonifanya niandike leo ni mdogo wangu wa kiume na chombo chake kipya.

Mwaka jana aliachana na pikipiki ya mkataba. Alichoka kupeleka hesabu kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, kwa pikipiki iliyokuwa inakula mafuta kuliko yeye anavyokula chakula. Akanunua chombo cha umeme. Kina kiti kirefu kama cha skuta, kina betri chini ya kiti, na kina pedali mbili ndogo ambazo sijawahi kumwona akizizungusha hata siku moja. Unakunja mkono wa kulia, kinaondoka. Barabara ikiwa tambarare kinafika kilomita 45 kwa saa. Anasambazia vifurushi vya wafanyabiashara wa Mwanjelwa, na jioni, kama unavyojua, abiria mmoja mmoja hakosekani.

Wiki ya kwanza alikuja kwangu Uyole kunionyesha. Alikuwa kichwa wazi.

"Kofia iko wapi?"

"Dada, hii siyo pikipiki. Ni baiskeli. Umeona wapi mtu wa baiskeli anavaa helmeti? Na hata trafiki hanisimamishi, haina namba."

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu alichosema kilikuwa na ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio ulioniogopesha. Miaka yote tumevaa kofia kwa sababu ya mtu mwenye sare nyeupe. Sasa kimekuja chombo ambacho yule mwenye sare anakitazama kikipita. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya 1973, imeandikwa zamani kabla betri ya kubeba mtu mzima haijafika Mbeya. Inamtaka mwendesha pikipiki avae kofia ngumu, na wadau wa usalama barabarani wameomba kwa miaka mingi itaje wazi ubora wa kofia na namna ya kuifunga. Chombo chenye pedali za mapambo kinapita katikati ya maneno hayo. Hakuna faini, hakuna taa za kuonyana. Kimebaki kichwa na lami tu.

Mimi mwenyewe nina baiskeli ya umeme. Hii ya kwangu ni baiskeli kweli, usipokanyaga pedali haiendi. Mota inasaidia tu miguu, na ikifika kilomita 25 kwa saa inaacha kusaidia. Hicho ndicho kipimo wanachokitumia Ulaya. Baiskeli yenye mota isiyozidi wati 250, inayokatika kwa kilomita 25, wanaihesabu kuwa baiskeli ya kawaida. Ile inayosaidia mpaka kilomita 45 wameiweka kundi jingine. Uholanzi, nchi ambayo watu wake hupanda baiskeli vichwa wazi toka utotoni, kuanzia Januari 2017 iliamua kuwa baiskeli za mwendo huo ni pikipiki ndogo, zivaliwe kofia na ziwe na namba. China, ambako vyombo vyetu vingi hivi vinatoka, nayo kuanzia Aprili 2019 ikasema baiskeli ya umeme mwisho wake ni kilomita 25 kwa saa, wati 400 na kilo 55, ikizidi hapo ni pikipiki. Mwaka uliofuata, 2020, ikaja kampeni ya kitaifa ya kuwavalisha kofia wapanda baiskeli za umeme na pikipiki, na kofia zikagombaniwa madukani mpaka bei ikapaa.

Ninachokiona hapo ni kwamba wenzetu waliacha kuuliza jina la chombo, wakauliza mwendo. Na mdogo wangu hajaletewa chombo chenye jina la uongo kwa bahati mbaya. Zile pedali zimewekwa pale ili aliulize jina.

Sasa nieleze yaliyonipata, maana nisingekuwa na ujasiri wa kumsema mtoto wa mama yangu kama yasingenipata.

Ilikuwa mwezi wa saba. Anayeijua Mbeya anajua mwezi wa saba, asubuhi vidole havikunjiki, na jioni jua likiegemea Mlima Mbeya baridi inaanza upya. Nafundisha shule moja upande wa juu wa Igawilo, na narudi nyumbani kwa mteremko. Nimeshuka taratibu, kama kilomita 25 hivi, mkono uko kwenye breki. Mbele yangu, kando ya barabara, alikuwepo bibi mmoja amejitwika ndoo ya parachichi. Nilimwona. Nikajua ameniona. Hakuwa ameniona.

Mtu aliyejitwika ndoo hageuzi shingo. Anavuka kwa masikio. Amezoea hivyo tangu utoto wake, akisikia fuso anasubiri, akisikia pikipiki anasubiri, kukiwa kimya anavuka. Na mimi nilikuwa kimya. Baiskeli ya umeme inaposhuka haina hata mlio wa mota, ni upepo tu. Bibi akaingia barabarani.

Niliminya breki zote mbili, gurudumu la mbele likapita juu ya kokoto zilizomwagika kutoka kwenye lori, likateleza. Nakumbuka mlio mmoja mkavu, kama mtu amevunja kibuyu. Nilikuwa nimelala ubavu wa kushoto, kichwa kwenye ukingo wa mtaro wa saruji, na parachichi zinashuka barabarani moja baada ya nyingine. Bibi aliweka ndoo chini akanijia. "Ndaga, mwanangu, ndaga fijo," akanipa pole kwa Kinyakyusa. Alikuwa anatetemeka kuliko mimi.

Kiwiko kilichubuka, goti likavimba siku tatu. Kichwa hakikuuma. Nilipoivua kofia niliukuta ufa umeanzia juu ya sikio la kushoto unakwenda nyuma, na kwa ndani lile povu jeupe limebonyea kama mkate uliokaliwa.

Lipo jambo moja nimelificha hadi leo, hata kwa mume wangu. Siku ile mkanda wa kidevu niliufunga kwa sababu ya baridi. Nilikuwa nimejifunga skafu, upepo unaifungua, nikaubana mkanda juu yake ili ikae. Siku nyingi nilikuwa naiweka kofia kichwani bila kuifunga. Kofia isiyofungwa, mtu anapoanguka, yenyewe inatangulia kwenda zake, na kichwa kinafika chini peke yake. Kama ingekuwa mwezi wa kumi na moja, wa joto, sijui nani angekuwa anawafundisha wale watoto darasa la nne.

Tangu hapo nimesoma sana kuhusu kofia. Niseme yale ambayo ningependa kuambiwa dukani.

Ganda la nje watu wanalisifia rangi, lakini kazi kubwa iko ndani. Kuna povu jeupe gumu, la aina ile ile inayofungia televisheni mpya kwenye boksi. Kichwa kinapogonga chini, fuvu linasimama papo hapo lakini ubongo ndani bado unakwenda, unajibamiza. Povu likibonyea linakipa kichwa nafasi ya kusimama pole pole, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na hiyo sehemu ndogo ndiyo uhai. Povu likishabonyea halirudi. Kwa hiyo kofia iliyopigwa imemaliza kazi yake, hata kama nje inang'aa. Mdogo wangu alipoiona ya kwangu alisema, "Bado nzuri hii, tupake gundi." Nilimkatalia kwa sauti ambayo sikuizoea.

Sasa nenda kwenye maduka ya spea uingize kidole gumba ndani ya zile kofia nyepesi zinazotundikwa mlangoni. Nyingi utakutana na sponji laini, na nyuma ya sponji ni plastiki. Povu gumu hamna. Kofia ya aina hiyo nilipewa bure na aliyeniuzia baiskeli, nikaibonyeza, nikamrudishia. Kofia ya kweli ya baiskeli ina alama ya EN 1078 au alama ya kiwango kingine kinachotambulika. Ya pikipiki ina herufi E ndani ya duara pamoja na namba, na namba ya idhini iliyo karibu yake huanza na 05 au 06, yaani kiwango cha 22.05 au 22.06. Alama zinaweza kughushiwa pia, kwa hiyo soma alama na bado ubonyeze.

Na tofauti ya kofia hizo mbili siyo mbwembwe. Ya baiskeli hupimwa kwa kuangushwa kutoka kama mita moja na nusu, kipimo cha mtu aliyekaa juu ya baiskeli akidondoka. Inafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 19.5 kwa saa. Ya pikipiki, kwa kiwango cha 22.05, inagongeshwa kwa kilomita 27 kwa saa. Namba hizi zinaonekana kukaribiana, ila nguvu ya kugonga haipandi sawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Mtu anayegonga ubavu wa fuso kwa kilomita 45 anafika na nguvu zaidi ya mara tano ya ile iliyopimwa kwenye kofia ya baiskeli. Kwa hiyo mimi wa kilomita 25 kofia ya baiskeli inanitosha kwa maanguko mengi. Mdogo wangu haimtoshi. Anahitaji ya pikipiki, inayofunika masikio na taya.

Kuhusu kama kofia zinasaidia kweli, uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, mwaka 2008 ulikuta kwamba kwa wapanda pikipiki kofia hupunguza hatari ya kufa kwa takribani asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Na Vietnam, nchi ya pikipiki kama yetu inavyoelekea kuwa, ilianza kuwalazimisha wote, dereva na abiria, tarehe 15 Desemba 2007. Barabara zilibadilika sura kwa siku chache, karibu kila kichwa kikawa na kofia. Kisha wakakutana na tatizo lile lile la kwetu, kofia za maganda matupu, za kumridhisha askari.

Nilimpelekea mdogo wangu haya yote, akanisikiliza kwa adabu kama anavyomsikiliza mwalimu. Kilichomgeuza ni mteremko.

Dereva wa milimani anajua kwamba gia ni breki. Kushuka Iwambi kwenda Mbalizi, au kushuka Mlima Nyoka, mwenye akili anarudisha gia mpaka ya pili, injini inashika, breki anaigusa kugusa. Anayeweka nyutro ili kuokoa mafuta tunamjua, na mara nyingine tumemzika. Sasa chombo cha umeme hakina gia ya kurudisha. Baadhi yake vina mfumo ambao ukiachia mkono wa mafuta (bado tunauita hivyo) mota inageuka jenereta, inavuta nyuma na kuchaji betri. Hiyo inashika kama injini, na mdogo wangu alikuwa ameizoea kwenye vimiteremko vya mjini.

Jumapili moja alilala kwa rafiki yake juu kule, akachaji usiku kucha mpaka betri ikajaa pomoni, asubuhi akashuka. Alikuja kwangu akiwa kimya. Akakaa. Akaomba maji.

"Dada, haishiki."

Betri ikiwa imejaa haina mahali pa kuweka umeme mwingine, kwa hiyo kidhibiti kinakata ule mvuto ili isiharibike. Ulichokuwa unakiegemea kinaondoka siku ile ile unapokihitaji, mwanzo wa safari, juu ya mlima. Alibaki na breki tupu, akazikandamiza mfululizo mpaka zikaanza kunuka, na zilipoanza kupungua nguvu mbele yake kulikuwa na lori la viazi linatambaa. Alilipita kwa upande wa mtaro. Kichwa wazi.

Sikumwambia "nilikuambia". Tulikaa tukapanga. Kama siku yake inaanza na mteremko, chaji inakomea asilimia 80 au 90, siyo zaidi. Mwendo anaupunguza kabla ya mteremko, siyo katikati yake. Breki anaikamata kwa nguvu kwa muda mfupi kisha anaiachia ipoe, badala ya kuiminya kidogo kidogo njia nzima. Tena kuna vyombo vingi, hasa vyenye mota ndogo ya gia ndani ya kitovu cha gurudumu, ambavyo havishiki kabisa hata betri ikiwa nusu, kwa hiyo mnunuzi wa huku kwetu aulize hilo kabla ya kuuliza rangi. Na akague kama ukiminya breki mota inakatika. Linyanyue gurudumu la nyuma, lizungushe kwa mota, minya breki ya mbele. Mota ikiendelea kulizungusha, rudisha kwa fundi.

Jambo dogo jingine ambalo limenisumbua: hivi vyombo havina mngurumo wa kukuonya kwamba vimewaka. Mtoto anakuja kuchezea mkono wa kulia, kinaruka. Ukishuka, zima swichi na ondoa ufunguo hata kama unanunua vocha tu.

Kuna suala la abiria, na hapa nawatetea wanawake wenzangu kwanza. Tunaambiwa tunakataa kofia kwa sababu ya nywele. Ni kweli nimelipia kusuka saa sita, lakini hiyo siyo sababu yote. Ile kofia imeshavaliwa na watu ishirini tangu asubuhi, ina jasho, imelowa mvua ya jana, na mtu anaogopa mapunye. Ni hofu halali. Natembea na kitambaa chepesi cha pamba kwenye pochi, najifunga kwanza, navaa kofia juu. Kiwe chepesi, maana kitambaa kinene kinaifanya kofia icheze. Ikivaliwa vizuri inakaa juu kidogo ya nyusi, mkanda unapitisha vidole viwili tu chini ya kidevu, na ukiisukuma kutoka kisogoni haitoki. Kama inatoka, siyo saizi yako, omba nyingine au panda bajaji.

Kitenge na khanga vikunjwe vikaliwe, visining'inie karibu na gurudumu. Mishikaki, yaani abiria wawili au zaidi kwa mpigo, isiwepo. Kwenye chombo cha betri, kila kilo iliyoongezeka juu ya kiti ni urefu ulioongezeka wa kusimama chini ya Mlima Nyoka, na hakuna gia ya kukuokoa.

Kuhusu ukimya bado sina dawa kamili. Magari ya umeme Ulaya yamelazimishwa yatoe sauti yakiwa yanakwenda polepole, kuanzia aina mpya za Julai 2019, lakini agizo hilo ni la magari, baiskeli na pikipiki hazimo. Nimefunga kengele kubwa ya zamani, ile ya baiskeli za Phoenix, na naipiga kila ninapomwona mtu amejitwika. Taa ya mbele naiwasha mchana kutwa. Siku za ukungu, na tangu ujenzi wa barabara ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi ulete vumbi na michepuko, navaa kizibao cha kuakisi mwanga hata kama naenda dukani. Yule bibi wa Igawilo ameshaijua kengele yangu. Akiisikia anasimama kando, ndoo kichwani, ananyoosha mkono nipite.

Mdogo wangu amenunua kofia ya pikipiki, ya kufunika taya. Aliniomba pesa ya kujazia nikampa. Na wiki tatu zilizopita aliomba kitu kingine, ile kofia yangu iliyopasuka. Nilikuwa nimeitunza juu ya kabati bila kujua ya nini. Sasa imetundikwa kwenye msumari kijiweni kwao, chini ya mwavuli, ufa ukitazama barabarani. Abiria akikataa kofia, hawabishani naye. Wanamwambia, "Mama, hebu ipapase ile kwa ndani kwanza."